Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Dira 2050: Wekeni vipimo hadharani kabla ya matokeo

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia mipango, takwimu na ufuatiliaji wa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, Dodoma.

Nakala: Waheshimiwa Wabunge; Wakurugenzi wa Halmashauri; Wahariri wa vyombo vya habari.

YAH: VIPIMO VYA MAENDELEO YA TAIFA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, na utekelezaji wake ulipangwa kuanza Julai 2026 kwa Mpango wa Nne wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Nguzo zake tatu, yaani uchumi, watu na mazingira, zinaigusa kila kaya ya nchi hii. Sisi tunaoandika ni watakwimu, maofisa mipango na wafuatiliaji wa miradi. Kazi yetu ya kila siku ni kukusanya, kukagua na kujumlisha namba ambazo mwisho wa safari zinasomwa bungeni. Haya tunayoyaandika leo tumeshayasema ndani, kwenye vikao vya wadau na kwa maandishi rasimu zilipoletwa kutolewa maoni. Tulisikilizwa kwa heshima, kumbukumbu zikaandikwa, na viashiria vikabaki vilevile. Ndiyo maana sasa tunaandika hadharani.

Hoja yetu ni moja. Kila lengo la Dira liwe na kipimo kilichoandikwa na kuchapishwa kabla ya ripoti ya kwanza ya utekelezaji kutoka. Kipimo kieleze nini kinahesabiwa, kinahesabiwaje, nani anahesabu, hali ilikuwaje mwaka wa kuanzia, na namba inaweza kukosea kwa kiasi gani. Pasipo hayo, anayetekeleza ndiye atakayejisahihishia mtihani.

Tuna mashaka saba.

1. Tunahesabu kilichojengwa, tunaripoti kama kinatumika

Chukueni maji vijijini. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kilula kimoja, yaani bomba la kuchotea maji, kihudumie watu 250, kila mtu apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400. Hivyo ni vigezo vizuri vya kumwongoza mhandisi anaposanifu mradi. Shida inaanza vinapogeuzwa kuwa vigezo vya kuripoti huduma.

Kijiji cha watu 1,500 kikiwa na vilula 5, hesabu ya mezani ni 5 mara 250: watu 1,250 wamehudumiwa, jedwali linaandika asilimia 83. Sasa nendeni pale mkiwa na saa na ndoo ya lita 20. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, kilula kinatoa lita 10 kwa dakika. Kama dizeli au umeme unaruhusu maji kufunguliwa kwa jumla ya dakika 240 tu kwa siku, asubuhi na jioni, kilula hicho kinatoa lita 2,400. Kwa lita 25 kila mmoja, hayo ni maji ya watu 96. Ili wale 250 wapate stahili yao, maji yangepaswa kutiririka dakika 625 bila kukatika, na foleni isiwe na pengo hata la ndoo moja. Ongezeni hapo vilula viwili vilivyojengwa mita 80 kutoka kimoja hadi kingine, kimoja mbele ya shule na kingine mbele ya zahanati, ambavyo vyote vinahesabiwa watu wao 250 ingawa vinawahudumia watu walewale. Ongezeni na kilula ambacho pampu yake iliungua tangu masika lakini bado kimo kwenye orodha, kwa sababu hakuna aliyeagizwa kukifuta.

Utafiti wa kaya hauhesabu vilula. Unamuuliza mama anachota wapi, na anatumia dakika ngapi kwenda, kupanga foleni na kurudi. Ukomo unaotumika kimataifa ni dakika 30. Ndiyo maana kijiji kilekile kinapata namba mbili tofauti za asilimia, kila moja ikiwa sahihi kwa tafsiri yake. Semeni Dira inatumia ipi. Kama ni zote mbili, zichapishwe ukurasa mmoja, bega kwa bega.

Umeme ni vivyo hivyo. Utafiti wa upatikanaji na matumizi ya nishati wa 2019/20 kwa Tanzania Bara ulitoa ufikiwaji wa asilimia 78.4, na kaya zilizounganishwa asilimia 37.7. Namba zote mbili ni za kweli na zimo katika ripoti moja. Iliyozoeleka majukwaani ni ya kwanza. Nguzo ikifika kijijini, kijiji kimehesabiwa, hata kama kaya nyingi ziko mbali na nguzo ya mwisho na hazina fedha ya kusuka nyaya ndani ya nyumba. Kwa hili kipimo bora kipo tayari na hakihitaji mdadisi wa kupita kaya kwa kaya akiuliza maswali: ni mita za LUKU zilizonunua umeme angalau mara moja ndani ya siku 30 zilizopita, kwa kila wilaya. Mfumo wa mauzo unalijua hilo kila usiku.

2. Nishati safi ya kupikia: mtungi si mlo

Hapa tunaomba mtuvumilie kwa urefu, maana lengo hili ni kubwa na kosa lake linajulikana mapema. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Tulikoanzia ni mbali. Utafiti uleule wa 2019/20 ulikuta asilimia 63.5 ya kaya zinategemea kuni, asilimia 26.2 mkaa, na asilimia 5.1 tu gesi. Kutoka hapo hadi 80 ni mwendo ambao kila asilimia itagombaniwa, na penye kugombania namba, tafsiri legelege ndiyo inayoshinda.

Mitungi ya kilo 6 imegawiwa na kuuzwa kwa ruzuku mijini na vijijini. Ni hatua njema. Lakini ripoti nyingi zinaishia kwenye idadi ya mitungi iliyotolewa. Kaya ya watu wanne au watano ikipika kila kitu kwa gesi inachoma takriban kilo 0.25 hadi 0.35 kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unaisha ndani ya wiki tatu hivi. Kaya inayojaza mtungi mara moja kwa miezi minne inapika kwa gesi takriban sehemu moja ya sita ya chakula chake. Sehemu tano zilizobaki ni mkaa na kuni. Kwenye ripoti ya ugawaji kaya hiyo inaonekana imehama. Ukiingia jikoni kwake, mtungi uko pembeni umefunikwa kitambaa, na jiko la mkaa lina maharage.

Utafiti wa kaya nao una kosa lake. Swali la kawaida ni "nishati kuu mnayotumia kupikia ni ipi?", na nafasi ya jibu ni moja. Watu wanajua jibu linalopendeza. Asubuhi gesi inachemsha chai na kupasha viporo kwa dakika 15, mchana na jioni mkaa unafanya kazi ya saa nyingi. Mhojiwa akijibu "gesi" hajadanganya, maana ndiyo anayoiwasha mara nyingi. Ila mapafu ya wanawake na watoto, na misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga, vinahesabu kilo za mkaa. Havihesabu mara ngapi kiberiti kimewashwa.

Tunapendekeza maswali manne yaongezwe kwenye kila utafiti wa kaya. Jana mlipika nini asubuhi, mchana na jioni, na kila chakula kilipikwa kwa nishati gani? Mtungi ulijazwa lini mara ya mwisho, na wa kilo ngapi? Katika siku 7 zilizopita mmenunua mkaa kiasi gani: kopo, ndoo au gunia? Na jiko liko ndani ya nyumba ya kulala, kibanda cha pembeni au nje? Mdadisi mzoefu anayamaliza kwa dakika sita au saba. Akiruhusiwa kuliona jiko, aandike alichokiona kando ya alichoambiwa. Majibu hayo yalinganishwe na tani za gesi zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na Tanga, ambazo mdhibiti wa nishati anazo kwa kila mwezi. Kama mitungi iliyogawiwa imeongezeka maradufu na tani za gesi zimeongezeka kidogo, basi mitungi imekaa mitupu, na ni vizuri serikali ikawa ya kwanza kulijua hilo.

3. Namba moja bila wigo wake

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015/16 ulitoa vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Tunaamini vifo vimepungua, tena sana. Wanaojifungulia vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 kati ya tafiti hizo mbili, na vituo vinavyoweza kufanya upasuaji wa dharura vimeongezeka. Tunachohoji ni namna namba hizo mbili zinavyowekwa sambamba, kana kwamba zimepimwa kwa rula moja isiyotikisika.

Utafiti huo unapima hivi: mdadisi anamwomba kila mwanamke awataje ndugu zake wa kuzaliwa mama mmoja, nani yu hai, nani amefariki, na kama alikuwa dada, je, alifariki akiwa mjamzito, akijifungua au muda mfupi baadaye. Mwaka 2022 walihojiwa wanawake 15,254. Ni sampuli kubwa kwa kupima chanjo au matumizi ya chandarua. Kwa tukio adimu kama kifo cha uzazi, vifo vinavyopatikana ndani ya kipindi kinachohusika ni vichache, na kila kimoja kinayumbisha matokeo. Zaidi ya hapo, tafsiri ya kifo imebadilika katika tafiti za aina hii: ya zamani ilichukua kifo chochote cha mjamzito hadi miezi miwili baada ya kujifungua, ya sasa inaondoa ajali na ukatili na kuishia siku 42. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa Tanzania ya mwaka 2020, yanayotumia vyanzo na njia nyingine, yalikuwa 238.

Kati ya 104 na 238 kuna tofauti ya maelfu ya wanawake kwa mwaka. Anayepanga damu salama, wauguzi na magari ya wagonjwa hawezi kuzitumia zote mbili. Kila namba ya aina hii itoke na kiwango chake cha chini na cha juu, kwenye hotuba na kwenye bango pia. Na dawa yake ya kudumu inajulikana: vifo vyote visajiliwe, vikiwemo vinavyotokea nyumbani, sababu yake ikiulizwa kwa familia na mtumishi wa afya aliyefundishwa.

4. Dola trilioni 1 na dola 7,000 si lengo moja

Dira inataka uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa pato la mtu wa dola 7,000 ifikapo 2050. Gawanyeni trilioni 1 kwa 7,000: mnapata watu milioni 143 hivi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ukuaji wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kasi hiyo ikiendelea bila kupungua, mwaka 2050 tutakuwa takriban milioni 149, na trilioni 1 itatoa pato la mtu chini ya 7,000. Uzazi ukishuka na tukawa milioni 120, dola 7,000 kwa kila mtu zitafikiwa kwa uchumi wa dola bilioni 840. Serikali ya wakati huo itachagua lengo lililofikiwa na kulinyamazia lisilofikiwa, kama hamkusema leo lipi ndilo la kuhukumia.

Halafu, dola za mwaka gani? Bei za Marekani zikipanda kwa asilimia 2 tu kila mwaka, dola 7,000 za 2050 zitanunua kile ambacho dola 4,270 hivi zilinunua mwaka 2025. Na kwa kiwango gani cha kubadilisha fedha? Miezi ya mwisho ya 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400. Pato la Taifa likitafsiriwa kwa viwango hivyo viwili linapishana kwa zaidi ya asilimia 10, na shambani hakuna gunia lililoongezeka. Mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kukokotoa Pato la Taifa, nao una nguvu yake: ulipobadilishwa kutoka 2001 kwenda 2007, Desemba 2014, uchumi wetu ulionekana mkubwa kwa zaidi ya robo. Kubadilisha mwaka wa kizio ni jambo la kitaalamu na la lazima. Ila siku unapobadilishwa, mfululizo wote wa nyuma ukokotolewe upya na malengo yapandishwe kwa uwiano uleule.

Dira iliyotangulia, ya 2025, ililenga dola 3,000 kwa mtu na ukuaji wa asilimia 8 au zaidi. Imemalizika pato la mtu likiwa karibu dola 1,200. Tunaomba tathmini yake ya mwisho ieleze lengo kwa lengo kwa nini pengo limetokea, kabla mapya hayajaanza kupimwa.

5. Umaskini kwa asilimia pekee

Kati ya tafiti za mapato na matumizi ya kaya za 2011/12 na 2017/18, umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Katika muda huohuo idadi ya watu maskini iliongezeka kutoka takriban milioni 12 hadi karibu milioni 14, kwa kuwa watu wote waliongezeka. Asilimia na idadi zitolewe pamoja, kila mara. Mstari wa umaskini nao utajwe kwa shilingi, ili mwananchi aujue: mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ikielezwa kuwa hiyo ni kama shilingi 1,640 kwa siku kwa chakula, nguo na mahitaji mengine ya msingi, kila mtu ataelewa kwamba kaya nyingi zilizo juu ya mstari ziko juu kwa unywele.

Mpango wa Tatu, wa 2021/22 hadi 2025/26, ulianza safari ukitegemea namba hiyo ya 2017/18, iliyopimwa kabla ya UVIKO-19. Utafiti kamili wa matumizi huchukua miezi 12 ili kupata msimu wa mavuno na wa njaa, na hatuombi ufupishwe. Tunaomba uwe na ratiba isiyosogezwa, na daftari la matumizi lisiguswe ovyo. Likifupishwa kutoka siku 28 hadi 14, familia huandika kwa makini zaidi na matumizi huonekana yamepanda hata kama sufuria ni ileile. Na ikumbukwe kwamba 26.4 ni ya Bara. Zanzibar ina utafiti wake na mstari wake, nako 2019/20 ilikuwa asilimia 25.7. Namba ya Jamhuri nzima inahitaji makubaliano ya ofisi mbili, ambayo hadi sasa wasomaji wa ripoti hawayaoni.

6. Miche iliyopandwa, misitu iliyobaki

Katika mazingira, namba inayotajwa zaidi ni miche. Kila halmashauri iliagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa halmashauri 184 za Bara hiyo ni milioni 276. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti 1,111 kwa hekta, ingefunika karibu hekta 248,000 kila mwaka. Linganisheni na upande wa pili wa daftari: kiwango rejea cha taifa, yaani cha kulinganishia, kilichokokotolewa kwa miaka ya 2002 hadi 2013 kilikuwa upotevu wa hekta 469,420 za misitu kwa mwaka, wakati tathmini ya rasilimali za misitu iliyochapishwa 2015 ilikuwa imetoa hekta 372,816 kwa kipindi cha 1995 hadi 2010. Njia tofauti, miaka tofauti. Msomaji anahitaji kuelezwa hivyo asije akadhani upotevu umeruka ghafla.

Mche ukitoka kitaluni unahesabiwa. Ukifika shuleni unahesabiwa tena na idara nyingine. Ukifa kiangazi cha kwanza, kwa mbuzi, mchwa au ukame, hakuna fomu ya kuuondoa. Njia ya kupima ni rahisi na kila ofisa misitu wa wilaya anaiweza. Achague maeneo ya upandaji kwa bahati nasibu, asimame katikati ya nukta iliyochaguliwa, avute kamba ya mita 15 kuzunguka. Duara hilo lina mita za mraba 707, na kwa nafasi ya 3 kwa 3 linapaswa kuwa na miti 78 au 79. Ahesabu iliyo hai miezi 12 baada ya kupanda, kisha miezi 36. Akikuta 30, uhai ni asilimia 38. Maduara 20 kwa halmashauri ni kazi ya wiki moja kwa watu wawili na pikipiki. Namba ya Dira iwe miti iliyo hai baada ya miezi 36. Miche iliyotoka kitaluni ibaki kuwa hesabu ya bohari.

7. Takwimu za halmashauri

Mtendaji wa kata anapokea fomu za afya, elimu, kilimo, mifugo, maji na mazingira, mara nyingine Alhamisi kwa ajili ya Jumatatu. Hana usafiri wala bando. Anachukua taarifa ya robo iliyopita na kuongeza kidogo. Hatumlaumu, halmashauri yake inapangwa nafasi kwa namba hizohizo anazotuma, na namba iliyoshuka inaletewa barua ya kujieleza. Dalili zake tunazijua sote: tarakimu zinazoishia na 0 na 5 zimezidi mno, vijiji vyote vimekua kwa kasi moja, na hakuna robo hata moja iliyoteremka.

Namba ya chini ya mstari wa kugawanya nayo ina madhara. Vituo vinaripoti chanjo ya zaidi ya asilimia 100 kwa kuwa watoto wanaotarajiwa walikadiriwa wachache. Ukianza na watu 44,928,923 wa sensa ya 2012 na kukuza kwa asilimia 2.7, mwaka 2022 unafikia milioni 58.6, sensa ikakuta zaidi ya milioni 3 juu ya hapo. Vijiji vinavyokua haraka, pembezoni mwa miji na kwenye machimbo, ndivyo vinavyopotoshwa zaidi.

Waheshimiwa, tunajua majibu tutakayopewa, kwa kuwa tumewahi kupewa.

Tutaambiwa fedha hazitoshi. Kuchapisha tafsiri ya kiashiria hakugharimu chochote zaidi ya uamuzi. Maswali manne ya jikoni yanaingia kwenye utafiti ambao tayari una bajeti, na takwimu za LUKU na za bandari tayari zipo. Gharama ya kweli iko kwenye usajili wa vifo na ukaguzi wa vijiji, na hiyo tunaomba ipangwe kwa miaka mitano.

Tutaambiwa mfumo wa kielektroniki unaandaliwa. Mfumo unahifadhi kinachoingizwa. Ukilishwa kilula kilichokufa, utakionyesha kwa rangi ya kijani.

Tutaambiwa 2050 ni mbali. Hali ya kuanzia haipimiki kwa kurudi nyuma. Kaya ambayo haikuulizwa mwaka huu inapika nini haitakumbuka mwaka 2034.

Wengine watasema kuonyesha wigo wa makosa kutachafua sura ya nchi na kuwatisha wawekezaji. Nchi hii imeshapita huko. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalipobana utoaji wa takwimu zinazotofautiana na za serikali, Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi hadharani, na mwaka 2019 Bunge likayalegeza. Mwekezaji makini anaisoma ripoti hadi viambatisho. Anachokiogopa ni namba isiyo na maelezo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Ndani ya siku 90 kichapishwe kitabu kimoja, kwa Kiswahili, chenye ukurasa mmoja kwa kila kiashiria cha Dira: tafsiri yake, namna ya kukokotoa, chanzo, taasisi inayowajibika, hali ya kuanzia na mwaka wake, lengo la 2030 na la 2050, na wigo wa makosa. Anayetekeleza lengo asiwe ndiye anayelipima. Penye ulazima, mwingine akague asilimia 5 ya vijiji kwa bahati nasibu, timu ya halmashauri moja ikikagua nyingine. Kalenda ya tafiti hadi 2031 itangazwe pamoja na bajeti yake, na tarehe ya kutoa matokeo iwekwe kabla matokeo hayajajulikana. Tafsiri ikibadilika, namba ya zamani na mpya zitolewe sambamba kwa angalau miaka mitatu. Data ghafi za kila utafiti, zikiwa zimeondolewa utambulisho wa wahojiwa, zifunguliwe ndani ya miezi 12 ili vyuo vikuu na wananchi wazirudie hesabu. Na kata zilizoripoti kushuka zisiadhibiwe kwa kusema kweli. Zitumiwe wakaguzi na msaada.

Hayo ya kitabu na kalenda yako ndani ya uwezo wenu bila kwenda bungeni. Tuko tayari kukaa nanyi kuandika kurasa za kwanza, tukianza na maji, nishati safi na vifo vya uzazi, siku yoyote mtakayoipanga. Tunaomba majibu yenu nayo yawe ya hadhara, yakieleza kwa kila shaka kati ya haya saba: mnakubali, mnakataa kwa sababu gani, na lini.

Tunawasilisha kwa heshima.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Watakwimu, maofisa mipango na wafuatiliaji wa miradi,
Tanzania Bara na Zanzibar